Nyumba Zenye Watu Ndizo Zilizosimama: Niliyojifunza Kwenye Majengo ya Kale ya Bagamoyo

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha historia Bagamoyo, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo halimo kwenye mtaala. Tulikuwa tumemaliza mada ya biashara ya misafara. Ramani iko ubaoni, mstari umetoka Ujiji, umepita Tabora, umeishia pwani. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, zile nyumba za mawe za Mtaa wa India zilijengwa karibu wakati mmoja, kwa mawe yaleyale. Mbona nyingine zimeanguka na nyingine zimesimama?"

Nikamwambia Jumamosi twende tukaangalie. Walikuja wanafunzi wengi, wengine na wadogo zao, na tangu siku hiyo matembezi yale yamekuwa sehemu ya maisha yangu. Tulianza na kitu chepesi: kila nyumba ya mawe tunaiandika kwenye daftari, ina paa au haina, ina watu au haina. Hatukuwa na utaalamu wowote wa majengo. Lakini tulipofika mwisho wa mtaa, jibu la kwanza lilikuwa limeshajitokeza kwenye kurasa zetu. Karibu kila nyumba ambayo mtu analala ndani yake, anauza ndani yake au anasoma ndani yake ilikuwa na kuta zake nne. Zilizotiwa kufuli miaka mingi zilikuwa zimebaki ukuta wa mbele na mti uliootea sebuleni.

Chukua Shule ya Msingi Mwambao. Jengo lake la zamani alilitoa Sewa Haji Paramji mwaka 1896 kwa serikali ya Wajerumani, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Aliyetaka kwenda bara alimfuata yeye kwa bidhaa na wapagazi. Alifariki mwaka uliofuata. Watanzania wengi wanalitaja jina lake kila siku bila kujua ni la nani, kwa sababu ya jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Wanafunzi wangu walifurahi sana kugundua kwamba mtu huyo ni wa kwao. Mimi nilichokitazama ni kingine: jengo linalofaguliwa asubuhi na watoto, bati likipeperuka mtu anajua siku hiyohiyo, mlango ukilegea bawaba kuna wa kumwambia. Hakuna aliyekaa akapanga kulihifadhi kama urithi. Lilikuwa na kazi, likabaki.

Misheni ya Kikatoliki ni hivyohivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na hawajaondoka, na ndiyo maana mnara wa kanisa la kwanza upo, njia ya miembe ipo, na mbuyu mkubwa upo na kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye shina. Wenyeji wa pale husimulia kwamba mama mmoja wa misheni alifungia punda wake mnyororo huo, ukasahaulika, mti ukaumeza ukikua. Watoto wakifika hapo hawataki kuondoka. Kila mmoja lazima aukamate.

Jibu la pili tulilipata kwa fundi mwashi mmoja mzee, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wangu mimi. Nilimkuta amekaa barazani, nikamwamkia, nikamwuliza swali la mwanafunzi wangu. Akasema, "Nyumba isipokuwa na mtu, hakuna anayesikia tone."

Alikuwa anasema kweli kabisa, tena kweli ya kifundi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Sakafu ya juu na dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba upana mkubwa, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Sasa sikiliza namna nyumba kama hii inavyokufa. Msumari mmoja wa bati unaota kutu. Upepo unaliinua bati, mvua inaingia pale juu ya ukuta, mahali ambapo hakuna plasta. Maji yanashuka ndani kwa ndani, yanaosha udongo na chokaa iliyoshika mawe. Yanafika kwenye kichwa cha boriti kilichozamishwa ukutani, na hapo ndipo boriti huoza kwanza, si katikati ambapo ungeona ukitazama juu. Boriti zikikatika, sakafu inaanguka. Na sakafu ile ndiyo iliyokuwa inazishika kuta zisitengane. Baada ya hapo ukuta mrefu umesimama peke yake na masika inakuja.

Msumari mmoja. Mtu akiwa analala ndani angesikia tone, angepanda na kipande cha lami, biashara ikaisha. Wazee wa hapa wakikuonyesha gofu, mara nyingi watakwambia ukuta ulianguka wakati wa zile mvua za El Nino za 1997 na 1998. Ni kweli ulianguka siku hizo. Lakini ukiuliza zaidi utasikia paa lilikuwa limeondoka zamani, wenyewe walikuwa wamehamia Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtu akija kwangu leo na ari ya kuokoa jengo la kale, akiongea habari za kutafuta wafadhili, wachoraji na wahandisi, huwa namwuliza kama ameshapanda juu kuona paa. Paa la bati jipya, hata likiwa baya machoni, hata kama zamani palikuwa na paa bapa la chokaa, linanunua muda. Ukuta ukishakuwa mkavu unaweza kusubiri pesa miaka. Ukuta wenye maji hausubiri.

Baada ya maji, kinachoziua nyumba hizi ni saruji, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndiyo hasara inayofanywa na watu wenye nia njema. Kulikuwa na nyumba moja ambayo mwenyewe alijitahidi, akaipiga plasta ya saruji nje kote na rangi nyeupe. Ilipendeza. Mvua chache baadaye plasta ikaanza kuvimba. Fundi wetu alinipeleka na wanafunzi, akageuza mwiko, akagonga ukuta kwa mpini: huku sauti nzito, pale sauti ya mtungi mtupu. "Weka sikio," akamwambia kila mtoto. Kisha akachomoa msumari mfukoni, akakwangua pale penye ufa. Kipande cha plasta upana wa sahani kikadondoka kizima, kigumu, hakikuvunjika. Jiwe lililokuwa nyuma yake ndilo lililokuwa limevunjika. Lilimong'onyoka kwa kidole, na juu yake palikuwa na utando mweupe. Akatuambia tuonje. Chumvi.

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyakuta kwa wataalamu kwa maneno marefu zaidi, ni haya. Ukuta wa matumbawe siku zote una unyevu; unanyonya maji ya ardhini, unapata hewa ya bahari. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, inauacha unyevu utoke. Saruji haiuachi. Ni sawa na kumvalisha mtu koti la mpira juani: jasho lote linabaki ndani. Unyevu unatafuta pa kutokea, unabeba chumvi, chumvi inakauka na kuganda nyuma ya plasta, inakua, inalipasua jiwe. Plasta inabaki nzima na nyumba inaoza nyuma yake.

Zamani chokaa ilichomwa hapahapa pwani. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yakalundikwa juu, moto ukawaka mpaka yakaiva, kisha yakamwagiwa maji na chokaa ikafukiwa ikakaa miezi kabla ya kutumika. Sishauri mtu arudi huko. Matumbawe hai na mikoko ndiyo mazalio ya samaki, na mikoko haikatwi bila kibali. Chokaa ya mifuko inayotoka Tanga inafaa, mradi iloweshwe mapema na kuachwa ikae, ichanganywe na mchanga usio na chumvi, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga au karibu na hapo, kutegemea mchanga wenyewe. Usichote mchanga wa ufukweni. Ukuta uloweshwe kwanza. Plasta ipigwe nyembamba, tabaka kwa tabaka, na ikishapigwa itundikiwe magunia yaliyoloweshwa isikaushwe na jua, kwa sababu chokaa inaganda polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka haraka inapasuka na kudondoka. Fundi aliyezoea saruji anaiona kazi hii inachosha. Inataka subira, na ukweli ni kwamba vijana wanaoijua ni wachache mno. Hilo linanitia hofu kuliko nyufa zenyewe. Tumejitahidi vijana wawili watatu waliomaliza shule wamfuate yule mzee kazini, wamshikie ndoo, wajifunze kwa mkono.

Sasa habari ya wazee, maana majengo peke yake hayasemi.

Wengi wanaoanza kazi hii huenda kwa mzee na karatasi ya maswali: nyumba ina miaka mingapi, aliijenga nani. Mzee atakujibu kwa heshima, atakupa jina moja la Mwarabu au Mhindi, na mazungumzo yamekwisha. Nilichokiona kinafaa ni kukaa. Piga hodi, "Shikamoo bibi," upewe marahaba, ukaribishwe barazani, uulizwe wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi. Maswali yao kwako yaishe kwanza. Ukianza, usianze na nyumba yake. Uliza nyumba ya jirani. Kuhusu nyumba yake mtu huwa na tahadhari, anafikiria hati, anafikiria ndugu. Kuhusu ya jirani atakueleza mpaka harusi zilizofanyika humo. Usiulize mwaka. Uliza: mlipokuwa watoto mlikatazwa kucheza wapi? Maji mlichota wapi? Mvua ikinyesha maji yalikimbilia upande gani?

Swali hilo la mwisho lilitupa kitu cha thamani. Bibi mmoja alituonyesha kwa fimbo yake mahali ulipopita mchirizi wa zamani, uliokuwa unapeleka maji ya uchochoro mzima baharini. Juu yake palikuwa pameshajaa mchanga na takataka. Vijana wa mtaa walipochimba kidogo wakaukuta, umejengwa kwa mawe, na sehemu kubwa bado nzima. Ulipozibuliwa, nyumba mbili ambazo misingi yake ilikuwa inalowa kila masika zilipata nafuu. Hakuna kitabu kilichoandika mchirizi ule. Ulikuwa kwenye kichwa cha bibi, naye alikuwa mgonjwa. Nawaambia wanafunzi: majengo yatasubiri Jumamosi ijayo, wazee nendeni leo.

Kurekodi kwa simu tunaomba ruhusa, na akikataa hatuna nongwa, tunaandika. Tukimaliza tunarudi kumsomea alichosema. Mara nyingi hapo ndipo husahihisha na kuongeza mambo mazito ambayo mara ya kwanza aliyaruka. Nakala moja inabaki kwake au kwa wajukuu zake. Hili nalishikilia sana. Watu wamechoka kuhojiwa na wageni wanaoondoka na maneno yao wasionekane tena.

Milango ni sura yake peke yake. Mlango wa nakshi wa pwani una miimo, kizingiti cha juu, na katikati mfaa unaoficha mahali mbao mbili zinapokutana. Nakshi ni mayungiyungi, minyororo, maua yaliyosokotana, na mingine ina vichwa vya shaba. Nyumba ikifungwa, mlango ndio wa kwanza kuondoka, kwa sababu ndicho kitu pekee chenye mnunuzi. Anakuja mtu na gari, anampata ndugu mmoja mwenye shida ya pesa, usiku mlango unang'olewa na mahali pake wanatia mabanzi. Nikiwa pale nimeona tundu la ukuta lililobaki asubuhi yake, vumbi la chokaa bado mbichi chini. Na mlango ukitoka, kizingiti kilichokuwa kinabeba mawe ya juu nacho kimetoka. Ufa unaanza palepale.

Watu wengi hawajui kwamba sheria inalitaja jambo hili kwa jina. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Haiuzwi wala kusafirishwa nje bila kibali. Tulipoanza kuwaeleza wenye nyumba, wengine walishangaa kusikia kuwa mlango wa babu yao una ulinzi wa nchi. Basi tukaanza kuipiga picha yote. Picha moja ya mbele, kamera imenyooka, futi imesimamishwa kando ili vipimo vionekane. Picha ya kila pembe. Picha ya kila kasoro, kwa sababu ua lililovunjika au jicho la ubao ndilo litakaloutambulisha mlango ukiibiwa. Nakshi zinafanana, majeraha hayafanani. Nakala moja shuleni, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa mwenye nyumba. Siwezi kusema wezi wamekoma. Ninaloweza kusema ni kwamba mnunuzi akija mtaani sasa anaambiwa mlango huu una picha, na watu wenyewe ndio wanaomwambia.

Kusini mwa mji, kilomita kama 5, kuna magofu ya Kaole, nako nilipata jibu ambalo mtaani nisingelipata. Kuna misikiti miwili, mmoja unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20, mengine yana nguzo ndefu za mawe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Ukisimama karibu na nguzo utaona vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri zilizovuka bahari. Mtoto akitia kiganja chake ndani ya kishimo hicho anaielewa biashara ya Bahari ya Hindi kuliko kwa vipindi vyangu vitatu.

Kaole hakuna anayelala wala kuuza. Kwa mantiki yangu ya Mtaa wa India, palipaswa kuwa pameshakwisha. Lakini kuna makaburi pale ambayo watu bado wanayazuru, hasa lile linaloitwa la Sharifa. Wanakuja na ubani, wanaomba dua, wanaacha sarafu. Mahali hapo pamefagiwa. Nilikuwa nadhani matumizi maana yake ni makazi au ofisi. Kumbe hata kaburi lina watu wake, na ambaye anakuja kuomba dua hatamwacha mtoto apande juu ya ukuta. Nimewahi kusikia watu wakitaka mizuru ya namna hiyo izuiwe ili magofu yabaki ya kisayansi. Sikubaliani nao. Wakatazwe kuwasha moto ukutani, waelekezwe pa kuweka ubani, lakini ukiwaondoa hao umeondoa walinzi ambao hawadai mshahara.

Somo moja la mkono kutoka magofuni: using'oe mti uliootea ukutani. Kila kijana mwenye nguvu anatamani kuuvuta. Mizizi ya mkuyu inakuwa imeshapita kati ya mawe, na ukiivuta unatoka na ukuta. Kata shina, piga tena kila chipukizi linapotokea, mpaka mzizi ufe wenyewe humo ndani, halafu ziba mwanya kwa chokaa. Mche mdogo, ndiyo, ng'oa siku unapouona. Ndiyo maana kufyeka kidogo mara kwa mara kuna faida kuliko kampeni moja kubwa yenye fulana.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni historia yenyewe ya mji huu. Bagamoyo ilitajirika kwa pembe za ndovu na kwa watu waliouzwa. Baadhi ya nyumba tunazozihifadhi kwa upendo zilijengwa kwa pesa hizo, na zipo familia mjini zinazotokana na waliouza, na familia zinazotokana na waliouzwa, wanasali msikiti mmoja na kuoana. Mzee mmoja aliniomba niyapunguze hayo nikiwa na watoto. Nilimsikiliza na namheshimu mpaka leo, lakini sikuweza. Nilichobadilisha ni namna: simwonyeshi mtu nyumba nikataja ukoo wa aliye hai. Nazungumza juu ya biashara, njia, bei ya binadamu na waliopinga. Nawaambia pia juu ya wapagazi, Wanyamwezi na wengine, waliotembea miezi na mizigo mabegani. Bila wao hakuna nyumba hata moja ingejengwa hapa.

Ufukweni kuna makaburi ya Wajerumani, yamezungushiwa ukuta, yametunzwa vizuri, na kila kaburi lina habari zake. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna kumbukumbu ya mahali waliponyongewa Waafrika waliopinga utawala wao. Wanafunzi huuliza: hawa waliitwa nani? Majina wanayoyajua ni yale ya kitabuni, Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani. Waliokufa hapa wametajwa kwa jumla tu. Sina kinyongo na makaburi yale. Wafu wote wana haki ya kaburi safi. Lakini yametunzwa kwa sababu kuna anayejua ni wajibu wake kuyatunza, na upande wa pili kazi hiyo haijapata mwenyewe. Vijana wangu wawili wameanza kuuliza majina hayo kwa wazee wa vijiji vya jirani. Ni kazi ngumu, huenda wakapata moja.

Hata mnara wa misheni tunausimulia kwa namna yetu. Watu huuita kwa jina la Livingstone, kwa kuwa mwili wake ulilazwa pale Februari 1874. Sisi tunaanza na Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili huo kwa miguu kutoka nchi inayoitwa sasa Zambia, karibu miezi tisa njiani.

Nimalizie na mirathi, maana hapo ndipo nyumba nyingi zilipokwama. Babu alijenga, akafa. Watoto wake wakafa. Sasa nyumba ni ya wajukuu na vitukuu, wako Dar es Salaam, Tanga, Unguja, mmoja yuko Maskati. Hakuna aliye radhi iuzwe, hakuna anayeitengeneza. Kwa muda mrefu niliwaza kuwa tatizo ni pesa, mpaka nilipokaribishwa kwenye kikao cha familia moja. Pesa zilikuwepo. Walichoogopa ni kwamba atakayeweka bati atadai nyumba ni yake, au ataweka halafu wenzake wauze asirudishiwe. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenziwe, na nyumba ilikuwa inavuja katikati yao.

Shangazi yao mkubwa ndiye aliyelitatua. Alisema wasiongelee mgawo siku hiyo, waongelee bati tu. Tukaandika karatasi moja fupi: fulani na fulani wamechanga kiasi hiki kwa ajili ya paa, mchango huu hauongezi wala haupunguzi fungu la mrithi yeyote, na nyumba ikija kuuzwa utarudishwa kwanza. Wakatia sahihi wote, wa mbali wakatuma kwa simu, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Baada ya hapo kazi ya mabati haikuchukua hata wiki. Karatasi ile nimeshaitumia kwa familia nyingine pia, nikibadilisha majina, na wale wanaotaka mfano wake nawapa bila kuuliza.

Nyumba ya shangazi sasa ni kavu. Boriti nne za ghorofani zimebadilishwa vichwa, ukuta wa nyuma umeegemezwa nguzo mpaka utakapojengwa upya kwa chokaa, na mlango wake wa nakshi umepigwa picha na kutiwa komeo jipya kwa ndani. Kuna fundi cherehani ameomba kukodi chumba cha mbele. Warithi bado wanajadiliana kodi itakusanywa na nani. Nimewaomba wakubaliane hilo baadaye, wampe funguo kabla masika haijaanza.